Devil May Cry: mchezo uliozeeshwa na watoto wake

Leo naomba tuweke kando kidogo mambo ya dosie za kuomba kazi, tuongee historia. Si historia ya wafalme wala ya mikataba, ni historia ya mchezo wa video. Najua kuna wenye watasema: "Hiyo ni mambo ya batoto." Sikatai, tulikuwa batoto kweli wakati tuliicheza. Lakini chombo ambacho watu wengi walikishika mikononi kiko na historia yake, na hii moja iko na kitu cha kutuambia.

Swali langu ni hili: kitu kikizeeka, kinazeeka juu ya nini? Kuna kitu kinazeeka juu kilikuwa kibaya tangu mwanzo, watu walichelewa tu kuona. Na kuna kitu kinazeeka juu wengine walichukua uzuri wake, wakautengeneza zaidi, mpaka chenyewe kikabaki kama mzazi aliyegawia watoto mashamba yote. Watoto wanakula vizuri, yeye mgeni akipita anamuona maskini.

Devil May Cry ya 2001 iko katika kundi hili la pili. Niliirudilia mwaka huu kwenye kompyuta, ile toleo la 2018, jioni umeme ukipatikana, misheni zote 23 mpaka mwisho. Niliona sehemu zinazochosha kabisa, na nitazisema bila kuficha. Lakini niliona pia kwamba karibu kila mchezo wa panga tunaoupenda leo unatumia mali iliyotoka mule ndani.

1. Kabla yake

Michezo ya kukatakata na panga haikuanza na Devil May Cry. Mwaka 1989 Sega ilitoa Golden Axe, na mwaka ule ule Capcom ikatoa Final Fight. Mule unatembea, maadui wanakuja, unawapiga mpaka wanaisha, unaendelea. Baadaye Blizzard ilileta Diablo: unaangalia kutoka juu, unabonyeza panya, maiti zinalala chini, unaokota vitu.

Yote hiyo ilikuwa michezo mizuri. Lakini swali lake kwa mchezaji lilikuwa moja tu: utabaki muzima ao hapana? Hakuna mchezo kati ya ile ulikuuliza umepigana namna gani. Ukishinda kwa kubonyeza butoni moja mara elfu, sawa, umeshinda.

Wakati michezo ilihamia kwenye nafasi ya pande tatu, mambo yakawa magumu zaidi. Adui anaweza kuwa nyuma yako, pembeni, hata juu. Namna ya kupigana kwa panga mule ndani, na mtu asione aibu ya mikono yake, ilikuwa bado kutafutwa.

2. Mtoto aliyetolewa nyumbani

Sasa twende Osaka, Japani, kwenye kampuni Capcom. Mwaka 1996 Shinji Mikami alikuwa ameongoza Resident Evil, mchezo wa woga: nyumba kubwa yenye giza, risasi chache, mtu anayegeuka polepole. Mwaka 1998 kijana mwingine wa kampuni, Hideki Kamiya, aliongoza Resident Evil 2. Ikafanya vizuri. Njo akapewa kazi ya kutayarisha Resident Evil mpya ya PlayStation 2, mashini iliyokuwa inakuja.

Kamiya alitaka shujaa mwenye nguvu kupita mtu wa kawaida, mwenye mtindo, asiyetetemeka. Kundi lake lilisafiri mpaka Ulaya, Hispania na Uingereza, kupiga picha za sanamu za zamani, matofali na mawe ya njia, ili wapate ngozi ya kuvisha ngome yao. Waliacha pia picha zilizochorwa mapema ambazo Resident Evil za kwanza zilitumia nyuma ya wahusika, wakatengeneza mahali penye kuwa na umbo kamili, na kamera inayoweza kumfuata mtu.

Kazi ikasonga mbele, lakini tatizo likaonekana. Resident Evil inaishi kwa woga, na shujaa huyu alikuwa haogopi kitu. Angalia hapo vile mkubwa angeweza kufanya. Angeweza kusema: "Tupa, anza upya." Ao angeweza kumlazimisha kijana arudi ndani ya mstari. Mikami alichagua njia ya tatu: mchezo huu utoke katika ukoo wa Resident Evil, upate jina lake mwenyewe, uende kuishi.

Hadithi ikaandikwa upya. Shujaa akaitwa Dante, jina la yule mshairi wa Italia aliyeandika safari ya kushuka kuzimu. Kisiwa kikaitwa Mallet, na juu yake ngome ile ile yenye harufu ya Hispania ikabaki. Ukicheza leo bado unaona alama za nyumba ya kwanza: mlango umefungwa, tafuta ufunguo, weka sanamu mahali pake, rudi. Ni kama mtu aliyebadilisha jina la familia lakini sura haikubadilika.

3. Kosa lililogeuka kanuni

Kuna kisa cha pili, na mimi nakipenda zaidi. Wakati ule ule Capcom ilikuwa inatayarisha Onimusha, mchezo wa samurai uliotoka Januari 2001. Ndani ya majaribio yake kulikuwa kosa la programu: ukimpiga adui kwa panga mfululizo, anabaki juu hewani, haanguki. Kwa wenye Onimusha ilikuwa kitu cha kusafisha. Kamiya aliiona, akaona ndani yake mchezo mzima.

Njo maana Dante anaweza kufanya hivi: unashika butoni ya R1 ili umlenge adui, unavuta kijiti nyuma, unapiga panga, adui anarushwa juu. Kisha unatoa zile bastola mbili, moja nyeusi moja nyeupe, na risasi zinamshikilia hewani kama vile mtoto anapiga mpira na mguu usiguse chini. Akishuka, panga iko inamungojea.

Wenye walisoma sayansi watanielewa vizuri hapa. Tunafundishwa kwamba kazi nzuri inaanza na mpango mzuri, kisha mpango unafuatwa mpaka mwisho. Hapa mpango wa kwanza ulikuwa Resident Evil, haukufuatwa. Na mbinu inayojulikana zaidi ilizaliwa ndani ya kosa la mchezo wa watu wengine. Siyo bahati tu. Kosa linaonekana na kila mtu; kuona kwamba lina faida, hiyo inataka jicho lililofanya kazi miaka, na pia inataka mkubwa wa kazi anayekubali kubadilisha jina la mradi.

4. Distinksio ndani ya vita

Kitu kingine Devil May Cry ilileta ni alama. Ukiwa unapigana, maneno yanatokea pembeni, yakipanda kwa daraja: herufi za mwanzo zake ni D, C, B, A, na juu kabisa S. Ukikawia bila kupiga, daraja inapotea. Ukipanda, maadui wanaacha mawe mekundu mengi zaidi, na mawe yale njo pesa ya kununua mbinu mpya. Misheni ikiisha, unapewa tena daraja ya jumla.

Kila aliyepita chuo kikuu kwetu anajua tofauti. Kupita ni kitu kimoja, kupita na distinksio ni kitu kingine. Mchezo huu ulikuwa unakubali upite na satisfaksio, hauna shida. Lakini ulikuwa unakuonyesha kila dakika kwamba kuna namna nzuri zaidi, na kwamba uliiacha. Hapo swali lilibadilika. Halikuwa tena "utabaki muzima?" tu, likawa pia "unapigana namna gani?"

Na mchezo haukuwa mwepesi. Ukifa mara kadhaa mwanzoni, unakupendekezea njia ya rahisi, pendekezo ambalo katika salle yetu ya mtaani hakuna mtoto aliyelikubali mbele ya wenzake. Ukimaliza, kuna njia ngumu zaidi zinakungojea. Lakini ugumu wake uko na haki: kila adui anatoa dalili kabla ya kupiga. Yule mdudu mkubwa wa moto, Phantom, nusu buibui nusu nge, anainua mkia, na wewe uko na nafasi ndogo ya kuruka. Ukipigwa, unajua kwa nini.

5. Kilichozeeka

Sasa tuseme ukweli. Nilimpatia kadogo wangu maneti, yeye amezoea michezo ya sasa. Dakika kumi hazikupita: "Yaya, hii kamera iko aje? Iko nanichanganya tu!"

Yuko na haki. Kamera imekazwa pembeni, mchezaji haiamuru. Unakimbia mbele, picha inageuka ghafla, na kijiti kilichokuwa "mbele" kinakuwa "nyuma". Mara nyingi adui yuko nje ya picha kabisa, unasikia tu sauti yake. Kuna sehemu za ndani ya maji ambapo unaona kwa macho ya Dante mwenyewe, polepole, kama mtu anatafuta sarafu ndani ya matope. Unarudia vyumba vile vile mara nyingi. Pale karibu na mwisho, pambano la kwanza na Mundus, mfalme wa mapepo, linageuka ghafla mchezo wa kuruka na kupiga risasi, kitu ambacho hakuna misheni iliyokutayarisha. Na mazungumzo ya wahusika, wacha tu. Ukicheza usiku na watu wakubwa wako karibu, punguza sauti.

Hata mapigano yenyewe, ukitoka kwenye Devil May Cry 5 ya 2019, yanaonekana kuwa na maneno machache. Silaha za kupiga kwa mkono ni chache, na kubadilisha panga na ngumi katikati ya pambano si laini kama leo.

Lakini angalia kitu hiki: tunapima upungufu wake kwa kutumia nini? Kwa kutumia watoto wake. Tunajua kwamba mapigano yanaweza kuwa na mbinu nyingi zaidi juu Devil May Cry 3 ya 2005, iliyoongozwa na Hideaki Itsuno, ilituonyesha. Kabla yake, mwaka 2003, ya pili ilitoka bila Kamiya, ikawa na jina la mchezo lakini bila moyo wake, na watu wengi hawakuipenda. Ninja Gaiden ya 2004 ilichukua ule ukali wa maadui, ikauzidisha. God of War ya 2005, kazi ya Marekani, iko pia na adui anayerushwa hewani, mawe mekundu ya kununua nguvu, hata kamera ambayo mchezaji haiamuru. Na Kamiya mwenyewe, akiwa PlatinumGames, mwaka 2009 alitoa Bayonetta, na humo alijibu karibu kila lawama niliyotaja juu ya mapigano.

Kwa hiyo ile ya 2001 haikushuka. Ni kipimo kilipanda, na yenyewe njo ilisaidia kukipandisha.

6. Ndugu wawili

Kuna sehemu ya historia hii inanichekesha kila mara. Devil May Cry ilipotoka katika ukoo wa Resident Evil, nafasi ya Resident Evil 4 ilibaki wazi. Capcom ilijaribu tena na tena, ikatupa matoleo kadhaa. Mwishowe Mikami mwenyewe alishika kazi, na mchezo ukatoka Januari 2005 na kitu kipya: kamera iliyo karibu na bega la shujaa, inayoona kile anachoona.

Kamera ile ilienda mbali sana. Michezo mingi ya kupiga risasi iliifuata. Mwaka 2018 hata God of War iliacha kamera yake ya zamani, ikamkaribia shujaa nyuma ya bega. Maana yake nini? Ndugu aliyebaki nyumbani njo alileta kamera ambayo leo inafanya ndugu aliyetolewa aonekane mzee. Wote wawili walitoka katika mradi mmoja. Kama Mikami angelazimisha mradi ule ubaki mmoja, inawezekana tungekosa vyote viwili.

7. Mashini na udongo wetu

Hatuwezi kuongea mchezo wa PlayStation 2 tukiwa Kivu, kisha tunyamaze juu ya mashini yenyewe. Ilitoka Japani Machi 2000, Marekani Oktoba 2000, na baadaye ikauzwa zaidi ya milioni 150. Wakati ule simu, kompyuta na mashini za michezo zilihitaji vipande vidogo vya kuhifadhi umeme vyenye tantali, na tantali inatoka ndani ya koltani.

Bei ya koltani ilipanda mara kadhaa mwaka 2000, kisha ikaanguka 2001. Kwetu watu waliacha mashamba, wakaenda kuchimba. Wachimbaji waliingia mpaka ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Novemba 2000 RCD, iliyoshika Goma na Bukavu, ilipatia kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake juu ya biashara ya koltani. Aprili 2001 kundi la wataalamu la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake juu ya namna mali ya Kongo ilivyokuwa inaporwa. Agosti 2001, Devil May Cry ikatoka Japani.

Baadaye watu wa nje waliita yale yote "vita ya PlayStation". Hapo tuwe waangalifu. Vita ilianza Agosti 1998, mashini ile haijauzwa popote, na mahitaji ya simu yalikuwa makubwa pia. Kubebesha chombo kimoja vita nzima ni kuwasahaulisha watu wenye bunduki na wenye ofisi. Lakini kunyamaza pia siyo historia. Mchezo ukiisha, majina ya watengenezaji yanapanda kwenye televizio, mistari kwa mistari. Mule hakuna aliyechimba. Si kosa la Kamiya. Majina ya mwisho wa mchezo hayafanyi kazi hiyo. Ni sisi tuliosoma tunapaswa kuifanya, na tuifanye na tarehe, siyo na kilio tu.

Mimi nashika vyote viwili pamoja: furaha ya mtoto aliyelipa franka zake kucheza dakika kumi na tano, na ile bei iliyopanda na kushuka kwenye milima yetu. Hakuna moja inayofuta nyingine.

8. Kama unataka kuicheza

Ukiitafuta leo, utaipata ndani ya mkusanyiko wa michezo mitatu ya kwanza. Usiichukue kama mchezo wa mwaka huu. Vumilia kamera mpaka umshinde Phantom mara ya kwanza. Usipoona kitu mpaka pale, wacha, haina neno. Jizoeze ile mbinu ya kurusha adui juu na kumshikilia na bastola. Ukiipata, mikono yako itatambua kitu: "Kumbe hii njo ile nilicheza katika michezo mingine yote."

Na tabia hiyo tuihamishe kwenye vitu vingine. Tuko wepesi kusema muziki fulani, kitabu fulani, kazi ya profesa fulani wa zamani "imepitwa". Inawezekana imepitwa kweli. Lakini tuulize kwanza imepitwa na nani, na yule aliyeipita alijifunzia wapi kukimbia.

Wenzangu, leteni na ninyi: ni mchezo gani, filamu gani ao wimbo gani unaonekana mzee leo, lakini ukitafuta unakuta watoto wake wako wanakula mali yake? Andika chini hapa, weka na mwaka.